Mshororo wa Tatu

Naserian tulimzika kwao Malambo kiangazi kilichopita, na wanawe wakaniomba niseme neno kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa familia. Nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba alikuwa mdogo wangu, kwamba alikuwa na sauti, kwamba Mungu amlaze mahali pema, nikakaa. Watu wakatazamana. Walitegemea mtu anayeandika vitabu awape nusu saa, nikawapa maneno ya kujaza kijiko. Wakadhani uchungu umenifunga mdomo, na mmoja wa wakwe zake akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini kilichonifunga mdomo ni kwamba nilikuwa nawaangalia wale wanawake wa Malambo wanavyomwimbia huku wanalia, kwa Kimaa, lugha ya wafugaji wa kwao, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia, nikawa najiuliza siku yangu ikifika nani ataniimbia hivi, na kwa lugha ipi. Ndiyo, nilimwonea wivu marehemu kwenye mazishi yake mwenyewe. Nina sukari, magoti yamegoma, kichwa kizima ni mvi, lakini wivu wangu kwa Naserian haujazeeka hata siku moja. Gari lilipopanda ukingo wa kreta kurudi Karatu na ukungu ukatufunika, niliamua kuuandika ule mwaka alioishi kwetu, na kuuandika nilivyouona mimi. Yeye angeusimulia vingine, na kwa bahati mbaya angeusimulia vizuri zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari na sabuni zilikuwa habari ya kunong'onezana, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, kwa hiyo siku zangu zilipita barazani kwa Baba Athumani, nikishona vifungo na kukunja pindo. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Kondoa aliyehamia Karatu kabla sijazaliwa. Alishona kanzu za wenye maduka, sare za wahudumu wa zile lodji za juu ya kreta, na mashuka ya kupinda kwa wafugaji waliokuja mnadani. Mama Zena alikaanga maandazi asubuhi na mchana akauza kahawa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, dari la magunia yaliyopakwa chokaa, na sakafu nyekundu, kwa sababu Karatu hata ukipiga deki mara ngapi vumbi litashinda. Kuhusu nilikotoka nitasema kwa ufupi, maana hakuna aliyenificha. Mama aliyenizaa aliletwa hospitalini kutoka Malambo akiwa mahututi, nami mchanga mgongoni kwa ndugu yake. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mama Zena, aliyekuwa amezika kichanga juzi yake, maziwa yamemjaa kifua. Nikanyonyeshwa. Mama yangu alipopona akarudi kwao, mimi nikabaki, na hakuna aliyewahi kuniambia ni nani kati yao alitamka kwanza.

Katika nyumba ile kitu cha thamani hakikuwa cherehani wala redio. Kilikuwa utenzi. Ukoo wa Baba ulikuwa na utenzi wa nasaba, mrefu, ulioanza na babu wa babu yake aliyefika Kondoa na msafara, na kila aliyezaliwa alikuwa na ubeti wake. Akishakua, mzazi wake anamtungia, naye anasimama siku ya Idi baada ya chakula, mbele ya ndugu, anausoma kwa mdomo wake, kisha anakuwa ameingia. Haukuandikwa popote. Baba alikuwa nao wote kichwani, na alikuwa mkali wa mizani kuliko alivyokuwa mkali wa pesa. Mstari una mizani nane, akisikia ya tisa anakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Baba na Mama hawakujaliwa mtoto mwingine. Tangu nikiwa na miaka kumi nilikuwa nimeanza kutunga mwenyewe, nampelekea, na jibu lake lilikuwa moja: "Mizani, Hadija." Nikarekebisha, nikarudisha. "Mizani." Sikukasirika. Nilijua ananinoa kwa ajili ya siku yangu. Nilikuwa nimeshachagua hata gauni.

Halafu nikasikia nisichotakiwa kusikia. Shangazi Rukia, dada mkubwa wa Baba, alikuja kutoka Kondoa baada ya Idi moja iliyopita nikiwa sijaitwa, na dari la magunia halizuii sauti. "Athumani, usije ukafanya mchezo," alisema. "Maziwa ya Zena yamempa mtoto haki ya kukaa humu bila kujifunika mbele yako. Nasaba hayakumpa. Ukimtaja kwenye utenzi ule umemnyang'anya baba yake, na Mungu hapendi." Nikangoja Baba amjibu. Nilikuwa nimelala chumba cha pili. Kikombe kikawekwa juu ya kisosi, kisha Baba akasema, "Najua, dada." Basi. Nimeishi na yale maneno mawili muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Tangu siku ile kila nilipokwenda nyumba ya watu nikamsikia mtoto anaitwa kwa jina la baba yake, fulani wa fulani, roho iliniuma, na nikatamani kitu kimoja tu duniani: kutajwa.

Katika hali hiyo ndipo akaletwa Naserian. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, mtoto aliyezaliwa Malambo baada yangu na akabaki kwao. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa ule ugonjwa wa nzi na vumbi, kope zimejikunja ndani zinakwaruza mboni, na daktari akasema lazima akae karibu na hospitali atibiwe kidogo kidogo. Wapi pengine kama si kwetu. Alishuka kwenye lori na shuka mbili, kibuyu, na shanga nyingi kuliko za duka zima, akiwa ameshikwa mkono maana mwanga ulimuumiza. Mama Zena alilia akamkumbatia. Mimi nilimtazama. Alikuwa na paji langu la uso, na vidole vyangu, na ule mwanya wa meno ya mbele ambao kwa miaka yote niliamini ni wangu peke yangu. Mtu mwingine angefurahi kukutana na uso wake. Mimi nilihisi kama nimekuta jirani amevaa nguo yangu, na imemkaa.

Kiswahili alikuja nacho kidogo, cha mnadani. Alisema "mtoto hii" na "mimi hapana jua", na Mama Zena akawa anacheka kwa upendo na kumrekebisha. Lakini alikuwa na jambo moja. Kwao, msichana akikamua anamwimbia ng'ombe ili ashushe maziwa, na haimbi wimbo wa watu wote, anatunga hapo hapo, anamtaja ng'ombe kwa rangi yake, na mama yake, na kisima alichonywea jana. Karatu kwetu hapakuwa na ng'ombe, kulikuwa na mbuzi wa jirani aliyefungwa nyuma ya choo. Akamwimbia huyo huyo mbuzi. Siku ya tatu au ya nne akakaa barazani na kitambaa machoni, akasikia cherehani, akaanza kuiimbia cherehani. Kimaa tupu, sauti ya chini, kila Baba akikanyaga pedali yeye anaingia, Baba akipunguza anapunguza. Mguu wa Baba ukasimama. Sijawahi kumwona Baba Athumani akiacha mshono katikati, hata redio ilipotangaza misiba. Akavua miwani. "Hebu rudia," akamwambia.

Hebu rudia. Miaka saba nilimpelekea beti zangu, na sikuwahi kuambiwa hebu rudia. Niliambiwa mizani. Naye huyu, hajui hata jina la mizani, anaimba kuhusu nyuzi na sindano kwa lugha ambayo Baba haielewi, anaambiwa arudie. Nilijichoma kidole na sindano, nikasema nimejichoma, hakuna aliyegeuka. Watu husema wivu wa mapenzi ndio mbaya. Hawajawahi kutunga shairi wakaona mwingine anasifiwa kwa kupiga mluzi.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila jioni, baina ya alasiri na magharibi, Baba alifunika cherehani, akavuta kigoda, Naserian akakaa juu ya jamvi ameegemea nguzo, na wakazungumza. Baba anauliza, Naserian anajibu, Baba ananung'unika maneno huku vidole vinagonga goti. Nilivijua vile vidole. Vilikuwa vinahesabu. Alikuwa anatunga. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nachambua maharage yaliyoletwa kutoka Qurus, moshi unaniingia machoni, na maneno yananifikia vipande vipande: ng'ombe weusi, mlima, mto unaokauka, jina la mahali, jina la mahali. Mara kwa mara nilimsikia Naserian akisema kwa sauti thabiti, "Hapana baba. Hiyo hapana." Na Baba anambembeleza, na yeye tena, "Hapana." Nikawa nashangaa ni kitu gani mtu anaweza kumkatalia Baba hivyo na bado akaulizwa tena kesho kwa upole. Mimi ningekataa mara moja ningepata kibao. Na kile "baba" chake kilinichoma. Kwao kila mtu mzima ni baba, nalijua hilo sasa, wakati ule nilisikia mtu anachota kwenye mtungi wangu.

Nilifanya visa vyangu, vya kitoto. Nikawa nampakulia ukoko wa ugali, ule mgumu wa chini ya sufuria, nibaki na ulio laini. Akaupenda. Akawa anauomba kwa jina, "dada, nipe ile ngumu", na Mama Zena akanisifu kwamba namjulia mdogo wangu. Nikimpita barazani nilijikohoza ili wanyamaze, hawakunyamaza. Siku moja nikamvaa Baba uso kwa uso, nikiwa nimeshika pasi ya mkaa: "Baba, huyu unamtungia nini?" Akanitazama juu ya miwani. "Subiri Idi." "Atasimama?" "Hadija, pasi itaunguza kitambaa." Nikaiinua pasi. Kitambaa kilikuwa kimeshaungua, alama ya kahawia katikati ya mgongo wa koti la mhudumu, na Baba hakunigombeza, akakata kipande kingine akaanza upya. Ukimya wake ulinithibitishia. Naserian angesimama siku ya Idi. Yeye ambaye tayari alikuwa na baba yake, ukoo wake, nyimbo zake na mama aliyemzaa na kumtunza, sasa angechukua na ubeti ambao mimi niliambiwa sistahili. Nilipiga hesabu ile kila usiku na kila usiku ilitoka vile vile.

Katikati ya mwaka mama yake alikuja kumtazama. Naandika mama yake, ingawa alikuwa wangu pia, kwa sababu ulimi wangu haukuwahi kuzoea vingine. Naserian alimwita Yeyo, kama wanavyoita mama kwao, nami nikamwita hivyo hivyo nikimwamkia. Mwanamke mrefu, kimya, alikuja na kibuyu cha maziwa mgando yenye harufu ya moshi. Aliniwekea kiganja kichwani, kama wanavyomwamkia mtoto yeyote, akakiondoa. Kisha akamgeukia Mama Zena, nyuso zikawaka wote wawili. "Paker," alisema. "Paker," Mama Zena akamjibu, na wakashikana mikono wakacheka, hawana lugha ya kuzungumza lakini hilo neno moja linawatosha. Nililisikia mara nyingi siku ile. Jioni nikambana Naserian anieleze. Akasema kwao watu wakipeana kitu hawaitani tena majina, wanaitana kwa kile kitu. Mtu akikupa ng'ombe mnaitana hivi, akikupa mbuzi mnaitana vile. "Na Paker?" nikauliza. "Paker ni kondoo," akasema. "Mama yako alipa Yeyo kondoo." "Lini?" Akafikiri. "Ile siku wewe unabaki."

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. Mama Zena alikuwa anapepeta unga. Nikamwambia nimejua bei yangu. Kondoo. Wengine hata ng'ombe hawakosi, mimi kondoo, na kila mkikutana mnaukumbusha ule ununuzi huku mnacheka. Mama Zena akaweka ungo chini taratibu. "We mtoto una kichwa kibovu," alisema. "Mama yako alikuwa mifupa. Kwao mwanamke aliyezaa ananyweshwa mafuta ya kondoo apate nguvu, na hapa alikuwa hana mtu wa kumchinjia. Baba yako akauza koti alilokuwa amelishona aje avae mwenyewe, akanunua kondoo, akamtia mkononi siku anaondoka. Ndiyo urafiki wetu. Ungekuwa umenunuliwa ningeomba wanirudishie chenji." Nikauliza na mimi je, mimi walinitaja wakasemaje. "Wewe hukutajwa," alisema, akarudi kwenye unga wake. "Nilikuwa nimekubeba, akaniangalia, nikamwangalia. Nani angesema nini." Nilisimama pale kama mjinga. Hata kondoo ana jina katika urafiki wao, linaitwa kila wakikutana, na mimi niliyekuwa mgongoni siku hiyo hiyo sina.

Nikamrudia Naserian kwa swali la mwisho, na nililiuliza kwa ukali ili lisionekane ni ombi. Je, Yeyo anapokamua, anapoimba, ananitaja? Alikuwa na kitambaa machoni, akakigeuzia uso wake kwangu. Hakutafuta uongo wa kunifurahisha, na hilo nalo nilimchukia. "Hapana," alisema. "Kitu umetoa, hapana taja. Ukitaja watu wanasema unataka rudisha." Nikaenda kulala mapema.

Idi ikafika na baridi yake, ule ukungu wa Karatu unaoshuka kutoka msituni na kukaa mpaka saa nne. Macho ya Naserian yalikuwa yamepona, na Yeyo alikuja siku moja kabla kumchukua, kwani kulikuwa na mchumba anamsubiri. Shangazi Rukia alikuwa amewasili na mtungi wa asali. Asubuhi, Mama anakaanga vitunguu vya pilau, Baba akanivuta chemba nyuma ya nyumba, pale kwenye kamba ya kuanikia, akaniambia, "Leo utasimama." Nikasema nani. "Wewe. Nimekutungia." Akanisomea:

*Hadija ndimi jamani*
*nitokaye Malamboni*

akasimama hapo, vidole vikagonga paja mara nane kimya kimya, akamaliza:

*Karatu nimelelewa.*

Nikamwambia mshororo wa tatu haupo. "Haupo," alisema, na alikuwa na aibu ya fundi aliyeleta nguo bila mkono mmoja. "Hapo panakaa jina la baba yako. Mwaka mzima namwomba Naserian. Amenipa ukoo wenu, amenipa rangi ya ng'ombe wenu, mlima, mto, kisima, nimeyatunga yote, beti saba zinakutangulia. Jina amekataa. Baba yenu ni marehemu, na marehemu kwao hatajwi. Nimeona nisimlazimishe. Ukifika hapo utanyamaza mizani nane, kisha utaendelea. Watu wataelewa ni nafasi yake." Aliniangalia kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi kubwa. "Hutakuwa huna asili tena, Hadija. Una nasaba ndefu kuliko yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa zile jioni zote. Alichokuwa anachota kwa Naserian alikuwa ananichotea mimi. Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba Baba Athumani amefanya kazi ya mwaka mzima kunitafutia baba mwingine. Sikuwahi kumwomba ng'ombe weusi. Sikuomba mlima. Nilitaka huo ukoo wa Kondoa unaoanza na msafara, wenye shangazi mkali na mizani nane, maana ndio nilioula na kuuvaa. Nikasema, "Asante, Baba," nikaenda kusaidia kupepeta mchele.

Baada ya pilau wanaume walikaa upande wa mlango, sisi upande wa ukuta, na Baba akaanza. Alisoma kutoka juu, sauti ya kuvuta, na ndugu wakaitikia mwisho wa kila ubeti. Shangazi Rukia akasimama akasoma wake, "Rukia wake Hasani", kidevu juu, kama alivyousoma tangu msichana. Kisha Baba akasoma zile saba za Malambo. Naserian aliyakuta maneno yake mwenyewe ndani yake, yamevishwa Kiswahili, akawa anamnong'oneza Yeyo, na Yeyo akawa anatikisa kichwa kukubali, huu mto ndio, huu mlima ndio. Nilikiri moyoni kwamba zilikuwa nzuri, nzuri kuliko zote alizowahi kutunga, na nikaona wivu hata juu ya hizo zilizokuwa zangu, kwa sababu zilitoka kwa Naserian. Baba akaniashiria. Nikasimama. Nikasoma mshororo wa kwanza. Nikasoma wa pili. Chumba kikanyamaza, na nikaona vidole vya Baba vinaanza kwenye goti, moja, mbili, kunihesabia kimya changu. Sikupanga. Nikafungua mdomo:

*ni mwana wa Athumani*

Vidole vilikuwa vimesimama. Nikamalizia wa nne, Karatu nimelelewa, nikabaki wima. Shangazi Rukia akasema astaghfirullah, si kwa kelele, kwa masikitiko hasa. Kisha akamgeukia kaka yake. "Athumani. Msahihishe mtoto." Baba hakuniangalia. Alikuwa anaangalia goti lake, na midomo yake inakwenda, na nilijua anakwenda na ule mshororo silabi kwa silabi, anatafuta. Alirudi mwanzo akaenda nao tena. "Mizani nane, dada," alisema. "Na vina vimekaa. Nimsahihishe wapi?" Mama Zena akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza stendi. Kulikuwa na lori la mahindi lililotoka Mbulumbulu linalopanda Ngorongoro, na Yeyo alikuwa amekaa mbele na kibuyu mapajani. Aliniwekea kiganja kichwani, na safari hii alichelewa kukiondoa, kisha dereva akapiga honi, naye akakiondoa. Naserian alikuwa bado chini, mguu mmoja kwenye tairi, macho yake mazima yananitazama, na ilikuwa kama kutazamwa na mimi mwenyewe. "Dada," alisema. "Jana umetaja baba yako. Iko pale, anasikia." Nikasema ndiyo. "Mimi baba yangu hata siku moja. Akiwa hai, mtoto hapana taja jina ya baba. Sasa amekufa, hapana taja tena." Akaweka mkono kifuani, juu ya shanga. "Tangu jana hapa inauma. Hapana ugonjwa. Nikikuangalia, inauma. Hiyo Kiswahili mnaita nini?"

"Wivu," nikamwambia.

"Wivu." Alilirudia polepole, akilionja kama alivyofanya kwa kila neno nililowahi kumfundisha. "Basi mimi niko na wivu na wewe." Akapanda juu ya magunia. Sikumwambia mimi neno hilo nimelijulia wapi. Nilimpungia mkono mpaka lori likapotea kwenye njia ya getini, nikarudi nyumbani nimefurahi, nimefurahi vibaya sana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi njaa ikaniuma.